Sufuria Iliyokwenda Vitani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyumba nzima ilikuwa na sufuria moja tu, Mama Chiku alikuwa ameinama uani akichambua kunde. Mama Chiku alikuwa digidigi, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti. Watoto wake saba walimzunguka wakiuliza swali lile lile.

"Mama, chakula tayari?"

"Kitakuwaje tayari na sufuria siioni? Nani kachukua sufuria yangu?"

Mara, kwarakwara! Mama Kanga huyo, kaingia mbio, manyoya yamemsimama.

"Jirani! Baba Chiku kaenda kupigana na Joka Makunjo! Yeye, Bwana Tembo na Bwana Nyati!"

"Kawafanya nini huyo Joka?"

"Hajawafanya kitu. Ana taji la shaba. Wanasema atakayemshinda atalivaa."

"Joka mwenyewe hatoki pangoni. Njia ya mtoni haipiti kwake, ya shambani haipiti kwake. Nani kawalazimisha?"

"Hakuna, jirani. Na sasa wamekamatwa wote. Wanamsugua magamba."

"Na sufuria?"

Mama Kanga akatazama chini. "Baba Chiku kaivaa kichwani. Kofia ya vita, anasema."

Mama Chiku akaweka ungo chini, taratibu.

"Chiku, angalia wadogo zako. Moto usizimike."

Mbele ya pango palikuwa na mstari wa mawe meupe, na jiwe moja kubwa lenye maandishi: JOKA AKITOKA MWILI WOTE, PUA HADI NCHA YA MKIA, AMESHINDWA. WAFUNGWA WAENDE KWAO. UKISHINDWA WEWE, UTASUGUA.

Bwana Tembo alikuwa amemvuta, hiiii! Hakusogea. Bwana Nyati alimsukuma, puuu! Hakusogea. Baba Chiku alimpiga kichwa, ngwaa! Sufuria ikamzama hadi masikioni na haikutoka tena.

Mama Chiku alisoma jiwe mara mbili. Kisha akasimama mlangoni kama mtu aliyeletwa na shughuli zake.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi hapa!"

"Ka... karibu," sauti nzito ikajibu, ikajishangaa yenyewe.

Miaka yote hiyo wageni wa Joka walikuwa wakija na maneno ya "Toka nje, mwoga!" Hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi. Na mtu ukishamwambia karibu, huwezi tena kumzonga na kumkaba.

"Starehe, starehe," Joka akahangaika. "Sina hata kiti, jamani. Ningejua unakuja ningefagia."

Nyuma yake, mmoja mwenye sufuria kichwani aliruka. "Mke wangu! Umekuja kuniokoa!"

"Wewe sugua," Mama Chiku akamwambia. Akamgeukia Joka. "Sikai, baba. Nimeacha moto jikoni. Nimepita kukusalimu tu. Sisi majirani miaka yote, hatujuani. Nisindikize basi."

Joka akatazama mstari wa mawe. "Nitakusindikiza kichwa tu."

"Kichwa kinatosha."

Wakatoka. Kichwa kikavuka mstari.

"Nilisahau kukuuliza," akasema Mama Chiku, akipiga hatua. "Mama hajambo?"

"Hajambo, ila magoti." Shwaaa! Kunjo la kwanza likatoka.

"Nyoka ana magoti?"

"Ndivyo anavyosema mwenyewe."

"Pole yake. Na mashangazi?"

Mashangazi wa Joka walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. Shangazi wa nne, shwaaa, nusu ya Joka iko nje. Shangazi wa tisa, shwaaa. Alipofika kwa yule wa mwisho, mwenye pumu, ilibaki ncha ya mkia tu, imejifunga kwenye jiwe la pangoni, kaza!

"Mwisho wangu hapa, mama," akasema Joka. Hakuwa mjinga. "Mkia unabaki."

"Ubaki tu, baba. Umenisindikiza kuliko hata mashemeji zangu. Haya, kwaheri!"

Akaenda. Kwenye kona akageuka, akapunga kwato. "Kwaheriii!"

"Kwaheri!" Joka akajibu.

Mama Chiku akasimama pale pale, anapunga, anangoja.

"Mbona hupungi? Umekasirika?"

"Sijakasirika! Sina mkono!"

"Aa. Basi." Akashusha kwato polepole. "Nilidhani tumeachana vizuri."

"Tumeachana vizuri!" Joka akapiga kelele, roho imemuuma. Akanyanyua kitu pekee alichokuwa nacho cha kupungia. Fyuuu! Mkia ukatoka jiweni, ukapita juu ya mstari, ukapunga kushoto, ukapunga kulia.

"Katoka!" Bwana Tembo akalia kutoka ndani. "Katoka mwili wote!"

Joka akaganda, mkia uko hewani. "Umenichezea, mama."

"Nimekuchezea, ndiyo. Ulikuwa na sufuria yangu." Akafikiri kidogo. "Na mume wangu. Lakini salamu zilikuwa za kweli. Njoo ule kwetu."

Nyumbani, Bwana Tembo aliivuta sufuria kwa mkonga, pwo! ikatoka, ikaoshwa mara tatu, kunde zikaingia. Bwana Nyati, aliyekuja na taji, akauliza, basi atalivaa nani? Mama Chiku akalichukua, akaliweka mkekani, akatua sufuria ya moto juu yake mkeka usiungue.

Funzo, watoto, ni hili: jitu ambalo hukulazimishwa kupigana nalo, lipite mbali; na kama umeshafika mlangoni, bisha hodi.

Mama Chiku akashika upawa, akahesabu. Watoto saba. Baba yao, masikio mekundu, wanane. Bwana Tembo, Bwana Nyati, Mama Kanga, kumi na mmoja. Kichwa cha Joka mlangoni, kumi na wawili.

"Mkia uko wapi?"

"Uko njiani, mama. Unakuja."

"Hapa hatuli mpaka wote wafike."

Wakangoja. Shwaaa.

"Haya," akasema, akapakua.