Ningu, Nungu na Matete ya Katikati

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima kule nyuma, midomo imeshonwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale alikuwepo Ningu, samaki wa ziwani. Kila masika alipanda mto, chwaa, chwaa, kwenda kutaga pale alipozaliwa. Pahali penyewe padogo tu: changarawe, maji maangavu, harufu ya mizizi ya matete. Lakini usimwambie Ningu kuna pengine.

Juu ya ukingo aliishi Nungu, yule mwenye miiba. Waliitana wajina, maana majina yao yamepishana kidogo tu. Babu zao walishagawana: nchi kavu ya Nungu, maji ya Ningu. Matete yaliyo katikati hawakuyataja.

Nungu akawaza. "Si yangu, si yake. Ya nani, basi? Ya mwenye jembe!"

Kwachu, kwachu, akang'oa yote. Akapanda viazi mpaka kwenye mdomo wa maji.

Masika yakafika. Ningu akapanda, tumbo limejaa mayai. Akaonja maji. Ptu! Akarudi nyuma, akaonja tena. Ptu!

"Wajina, kwetu ni wapi?"

"Si hapo hapo ulipo!"

"Hapa pananuka shamba."

"Tumbo hilo, na bado unachagua! Mimi nimelima nchi kavu. Maji yako sijayatia hata ukucha."

Mvua ikashuka. Ndi, ndi, ndi! Ukingo ukameguka, pwaa! Udongo ukaenda, viazi vikaenda.

"Wajina! Shamba langu limeelekea wapi?"

"Linapita mdomoni mwangu, wajina."

Mayai hayakusubiri. Ningu akataga pale pale, juu ya mawe asiyoyaona. Tope likatua, likayafunika mayai. Akapepea kwa mkia, akapepea, likatua tena. Mkia ukachoka. Akarudi ziwani.

Wenzake wakamuuliza, "Watoto wako wapi?"

"Nimewaacha nyumbani."

Wakampa hongera. Yeye akageukia kule mto unakoingilia, akakaa hivyo hivyo, akitazama.

Basi sikieni, na wenye majembe msikie zaidi: anayelima mpaka ukingoni amelima na mto. Matete ya katikati ni ya wote wawili. Yaacheni.

Hadithi yangu imekwama kwenye tope hapo. Anayeitaka zaidi akaichimbe.