Moshi wa Jiko la Nyanzala

Tiketi hukatwa mbali, ndege hushushwa na jirani. Mmemsikia mama yule akimtupia maneno hayo kijana aliyesema hana haja ya kwenda msaragambo wa kuchimba mtaro na wenzake kwa kuwa yeye ana kazi mjini. Mmecheka, halafu mmeuliza maneno yenyewe yametoka wapi. Basi kaeni. Yalizaliwa hapa hapa Ilambasi, na chanzo chake ni binti mmoja aliyeitwa Kalunde.

Kalunde alikuwa akifua mashuka katika hospitali moja ya Norwe, nchi ambayo baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Mama yake, Bibi Milembe, alibaki huku, na shingoni alikuwa na uvimbe. Kwa miaka uvimbe ule ulikuwa kama embe dogo, watu wameuzoea. Masika yale ukaanza kumkaba. Akilala chali, pumzi inakata. Hata sauti ilipungua, ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Ikaja habari kwamba madaktari wa kupasua shingo wamefika mjini, watakaa mpaka Ijumaa, kisha waondoke. Kwenda mjini kwa njia gani sasa? Daraja lilikuwa limechukuliwa na mto. Barabara ya mjini tumeahidiwa tangu Bibi Milembe akiwa mwali, na kila aliyeahidi alifika hapa kwa ndege. Ndiyo, kwa ndege, akashukia kwenye uwanja uliochongwa na babu zenu kwa jembe na kiboko, enzi za Mzungu wa pamba. Siku ya kampeni nyasi za uwanja ule hufyekwa zikawa fupi kama nywele za askari. Kura zikishapigwa, ng'ombe wanarudi. Hayo msiyasahau, maana wenzenu wanategemea mtayasahau.

Kalunde akaamua kumkatia mama yake tiketi ya ndege ndogo inayozunguka vijiji vya huku. Huko ugenini alihangaika na simu mpaka vidole vikafa ganzi. Kadi yake ya benki ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa tena. Mtandao ukamtaka atoe namba ya simu ya hapa nchini, naye hana. Hatimaye ukakubali, lakini kwa bei ya wageni, eti kwa sababu anayelipa yuko nje. Mama aliyezaliwa Ilambasi, hajawahi hata kuuona mji, akalipiwa kama mtalii aliyekuja kutazama tembo! Kalunde alitukana kidogo, kwa Kinyamwezi, kisha akalipa.

Ndipo akampigia mama yake. "Mama, usimwambie mtu. Safari ya mgonjwa haitangazwi. Hasa yule wa ng'ambo ya uwanja asijue."

Yule wa ng'ambo ya uwanja alikuwa wifi yake, Nyanzala, mjane wa kaka yake. Kaka alipokufa ghafla, Kalunde alikuja kuzika, na moyoni alikuwa ameshamtia Nyanzala hatiani. Siku ya matanga Nyanzala alimpikia ugali na mlenda, akamwekea mbele kwa magoti. Kalunde akausukuma ule ugali kwa ncha ya kidole, mbele ya watu wote. Mnajua maana yake. Hakuhitaji kutamka neno uchawi.

Siku ya safari Bibi Milembe akavaa kitenge kipya, akakaa pembeni ya uwanja na furushi lake. Alijua ndege hapa haitui bila moshi. Rubani huutazama moshi ajue upepo unaelekea wapi, na ajue kuwa chini kuna watu walioandaa njia. Zamani mapadri walikuwa na mzee wao wa kuwasha. Mzee akafa, mapadri wakahama, na tangu hapo mwenye msafiri hutangaza, kijiji kikatoka. Lakini Bibi Milembe aliambiwa anyamaze. Akafikiri, mtoto amepanga mambo na Wazungu, labda siku hizi moshi hautakiwi.

Ndege ikaja. Ikazunguka mara moja, ikazunguka tena. Chini hakuna moshi, ila ng'ombe wamelala katikati ya uwanja wakicheua. Ikainua pua, ikaenda zake. Bibi Milembe akaitazama mpaka ikawa nzi.

Kalunde alipopiga simu kwenye ofisi ya ndege, dada wa kule akamwambia, "Pole sana, dada yangu. Rubani atapita tena keshokutwa, Alhamisi, kiti cha mama nimekishika. Lakini bila moshi hashuki, hata ungekuwa mke wa rais. Huna ndugu karibu na uwanja?"

Ndugu alikuwepo. Mmoja tu.

Kalunde aliishika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akapiga. Upande wa pili akasikia upepo na kengele za ng'ombe.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, wifi. Kalunde."

"Kalunde yupi? Yule asiyekula ugali wangu?"

"Ndiye huyo."

"Ehee! Huko Ulaya chakula kimewaishia?"

"Wifi, mama anakabwa. Ndege ilikuja ikarudi."

"Niliiona. Na ng'ombe walioirudisha ni wangu, unajua hilo? Nilimwona mama kavaa kitenge kipya, nikasema labda ana wageni. Mlango wangu na wake inatazamana, Kalunde! Umemfunga mdomo mkwe wangu, umenifanya nimzuie njia na mimi sijui."

"Nimekosa, wifi. Nimekosa tangu siku ile ya matanga."

Kalunde akasikia machozi yake mwenyewe yakigonga kioo cha simu.

"Ukija utakula?"

"Nitakula."

"Na mlenda?"

"Hata ukiwa wa jana."

Nyanzala akacheka, kicheko kikavu. "Basi kata simu. Huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, na siafu wameshafika magotini."

Yaliyofuata Kalunde alisimuliwa baadaye. Nyanzala alipita nyumba kwa nyumba. Mwanamume mmoja akamuuliza, "Tukalime uwanja kwa ajili ya huyo aliyekuita mchawi?" Akajibiwa, "Shingo inayokabwa ni ya nani, yake au ya Milembe? Chukua jembe." Watu wakatoka, wazee kwa vijana, wakafyeka, wakachimba mifereji ya kutoa maji, wakafukia mashimo kwa changarawe waliyoibeba vichwani. Hapakuwa na mheshimiwa wa kukata utepe. Watu wetu wakiachwa wenyewe hufanya kazi ambayo ofisi nzima huifanyia semina.

Alhamisi asubuhi mvua ikanyesha.

Kalunde alikuwa chumba cha kufulia, simu sikioni. Mtoto wa jirani alikuwa juu ya kichuguu, ameishikilia simu ya Nyanzala hewani. Kalunde akasikia ng'ombe wakiswagwa. Akasikia watu wakipiga kelele: kuni zimelowa, majani yamelowa, moto unakataa. Kisha akasikia ngurumo, mbali, ikija.

"Imefika!" mtu akalia. "Nyanzala! Nyanzala anakwenda wapi?"

Nyanzala alikuwa anakimbilia kwake. Alipanda juu ya kibanda cha jiko lake, akaingiza mikono chini ya ezeko, akang'oa yale majani ya ndani, makavu, meusi kwa masizi ya miaka. Jiko lile lile lililopika ule ugali. Aling'oa mafungu kwa mafungu, watu wakayapokea na kukimbia nayo, mpaka ukabaki uwazi ambao mvua iliingia kama mwenye nyumba.

Masizi yakashika moto. Majani mabichi yakarushwa juu yake. Moshi ukasimama mweupe, mnene, ukalalia upande wa mto.

Katika simu ngurumo ikapanda, ikashuka, ikapita juu ya kichuguu. Halafu vigelegele. Kalunde aliketi juu ya mashuka machafu ya wagonjwa wa watu, akalia kama mtoto.

Bibi Milembe alipasuliwa Ijumaa, wa mwisho kabla madaktari hawajafunga masanduku. Aliporudi, na kovu jembamba kama mkufu, watu walijaa uwanjani. Mwanamume yule yule akasema kwa sauti, "Kuzaa raha jamani! Mtoto kaketi Ulaya, kamshushia mama yake ndege!"

Bibi Milembe akasimama. Sauti ilikuwa imerudi, nzima, wengine walikuwa wameisahau. Hakuitazama ndege. Alilitazama lile jiko lisilo na paa.

"Mwanangu alikata tiketi," akasema, "Mungu ambariki. Lakini tiketi hukatwa mbali, ndege hushushwa na jirani."

Kalunde alikuja kiangazi kilichofuata. Hakupita kwa mama yake kwanza. Alikwenda moja kwa moja ng'ambo ya uwanja, akaketi chini katika jiko lililoezekwa upya, akanawa mikono, akala ugali na mlenda mpaka sahani ikawa nyeupe. Nyanzala akamwongezea, akala tena.

Mtaro unaanza kuchimbwa kesho asubuhi. Mwambieni yule kijana mwenye kazi mjini: tiketi hukatwa mbali, ndege hushushwa na jirani.