Wageni Walioshika Kamba ya Nchi

Hii nimetumiwa asubuhi, nikaona si vizuri kuila peke yangu.

Palikuwa na nchi moja ya milimani iliyopenda mchezo wa kuvuta kamba kuliko chakula. Lakini kila mwaka walishindwa. Si kwamba walikosa nguvu, la! Kwa desturi yao, kila mvutaji alijigamba kwanza kwa jina la babu yake ndipo avute. Huyu akivuta, mwenzake bado yuko kwa babu.

Nahodha wao, Sengo, akachoka kuburutwa matopeni. Akawaita kikosini wageni waliokimbia ukame na kuhamia bondeni, watu waliozoea kukokota magogo. Kiongozi wao aliitwa Lokiru.

Waziri akawaka. "Tangu lini mgeni akashika kamba ya nchi?"

"Tangu wenyeji waanze kuburutwa," Sengo akajibu.

Mfalme akacheka, lakini akatoa sharti gumu. "Haya, washike. Ila mkishindwa, wageni wafungashe virago, nawe Sengo ufuatane nao."

Siku ya mchezo uwanja ukafurika. Filimbi ikalia, wenyeji wakaanza na mababu zao kama kawaida, na kamba ikaanza kwenda kwa wapinzani. Mke wa Lokiru, mtoto mgongoni, akafumba macho.

"Waacheni mababu wapumzike!" Lokiru akafoka. "Nikisema 'Jole', itikieni 'Jolee', kisha vuteni wote!"

"Jole!"

"Jolee!"

Kamba ikasimama. Ikarudi kidogo, ikarudi tena. Uwanja mzima ukadakia kuitikia, mfalme mwenyewe akiwa amepanda juu ya kiti. Mara wapinzani wakaangukia matopeni, puu! Jamani, raha iliyoje! Watu walilia, wakakumbatiana na wasiowajua, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila.

Waziri, sauti imemkauka kwa kushangilia, akamfuata Lokiru na kumshika mkono.

"Ndugu yangu, hilo neno lenu lina maana gani?"

Lokiru akacheka. "Mheshimiwa, hata sisi hatujui. Babu zetu walilipata kwa wageni waliohamia kwetu. Inasemekana nao waliwanunia wageni hao kwanza, kisha wakaitikia."

Funzo: Timu ya taifa haijengwi kwa kuulizana "kwenu wapi?" bali kwa kuvuta upande mmoja. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.