Wimbo wa Kidawa

Hadithi iko mlangoni, niifungulie?

"Ifungulie, Bibi!"

Haya. Mikono kwenye mbaazi, masikio yaje kwangu. Na anayezitafuna mbichi namwona.

Zamani, wanangu, zamani ile nyani bado anaazima kitana, katika mji wa Shungi alikuwako mtu akiitwa Ngwali. Tangu mdogo alikuwa akipuliza bua la mpapai, wanawake kisimani wanasahau ndoo. Jumbe wa mji, Jumbe Mwinchande, akasikia. Akamchukua. Akampa zumari ya mpingo, akampa kanzu, akampa wali.

Ngwali akatunga. Harusi ya Jumbe, Ngwali katunga. Jando la wana wa Jumbe, Ngwali katunga. Punda wa Jumbe kafa (punda, jamani!), Ngwali katunga. Mbele ya wageni anaitwa "fundi wangu". Sinia likija, anakwenda kula jikoni na wapishi.

Na mila ya pale ilikuwa hii: aliyekula wali wa Jumbe, pumzi yake ya Jumbe. Wimbo ukishapulizwa mbele yake mara moja tu, basi, ni mali yake. Wewe uliyeutunga huuimbi tena nyumbani kwako.

Ngwali alikuwa na wimbo mmoja hajaupeleka. Mkewe, Mwanatumu, alikuwa akitwanga, na Ngwali amempakata binti yao Kidawa. Akaufuata mchi, tu, tu, tu:

*Lala, Kidawa, lala,*
*mchele bado kinuni,*
*baba yu njiani.*

Mtoto hasinzii bila huo.

"Huu usimpelekee," Mwanatumu akamwambia.

"Nina wazimu, mke wangu? Huu wa nyumbani."

Siku ya siku, akaja mgeni mkubwa na mpiga zumari wake, kijana, vidole vinakimbia kama panya darini. Watu vigelegele! Jumbe uso ukamshuka.

"Ngwali! Umechacha? Hizo zako za mwaka juzi nimezishiba. Toa mpya!"

Yule kijana akadakia, "Mwacheni mzee. Akipuliza sana atatoa mate, wimbo ubaki tumboni."

Baraza zima kicheko. Wanangu, mtu kuchekwa kwenye kazi yake, mbaya! Ngwali akaona moto. Akatia zumari mdomoni. Mwajua alipuliza nini?

"Wa Kidawa!"

Wa Kidawa. Wageni wakalia machozi. Kijana akainamisha kichwa. Jumbe akasimama: "Huo wangu!"

Nyumbani, Mwanatumu akatwanga kimya.

"Mama, imba."

"Wimbo umekwenda kwa Jumbe."

"Baba, kauchukue."

Ngwali akamtungia mwingine, mtoto akageukia ukutani. Akamtungia mwingine tena, akageukia ukutani. Mwisho akazoea kulala na kilio chake.

Jumbe naye aliupenda. Akautia ngoma kubwa, akauweka mbele ya askari wake wakienda mashambani kunyang'anya mbuzi na kukamata vijana wa watu. Tu! Tu! Tu! Ukisikika bondeni, watu mbio porini. Wakautia maneno yao, wanayanong'ona:

*Ficha mbuzi, ficha mwana,*
*Jumbe yu njiani.*

Miaka ikaenda. Mwanatumu akafa. Ngwali akang'oka meno, mdomo haushiki tena zumari. "Kapumzike," Jumbe akamwambia, na kanzu akamvua, maana ilikuwa ya Jumbe. Mzee akajikokota hadi kwa Kidawa, aliyeolewa huko mashambani.

Asubuhi moja yuko kitandani, hoi. Nje Kidawa anatwanga. Tu, tu, tu. Roho ya Ngwali ikarudi nyuma. Akasema moyoni, pumzi hii iliyobaki si ya Jumbe, ni yangu. Akauanza. Maneno hayatoki tena, ni sauti tu, mm-mm-mm.

Mchi ukaanguka. Kidawa huyoo ndani! Akatia komeo mlangoni, akasukuma watoto uvunguni.

"Baba, nyamaza! Watatusikia!"

"Mwanangu, huu…"

"Usiuite hapa! Mume wangu walimchukua na wimbo huo huo!"

Akamziba mdomo kwa kiganja. Ngwali akamtazama mwanawe. Macho yake yakajaa maji. Akaumeza. Jua halijafika kichwani, kafa nao.

"Kidawa hakujua kuwa ni wimbo wake, Bibi?"

Hakujua, mjukuu wangu. Alimzika, akarudi kutwanga.

Basi anayekulisha mpe jasho lako. Cha mtoto wako usimpe, wakucheke wasikucheke.

Hadithi imetoka, mlango nimeurudisha. Leteni hizo mbaazi… Mbona chache?