Pazia la Funguo

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Maana yake ni kwamba kitu kilichotunzwa, hata kikidharauliwa, huwa na siku yake. Bwana Gitau, ofisa wa serikali mjini Garissa, aliifahamu methali hii vizuri sana, ila hakuiamini hata chembe.

Maofisa huhamishwa Garissa kama vumbi lipeperushwavyo na upepo, na kila ahamaye huacha funguo nyuma. Mkewe Gitau, Wahu, alikuwa akiziokota: madirishani, chini ya vitanda, hata kwenye banda la kuku. Alizitunga kwa uzi pamoja na shanga, akazitundika mlangoni zikawa pazia. Upepo ulipovuma, pazia lililia kama njuga.

"Mama Martin, wallahi nyumba yako inaimba," alisema Saynab, muuza maziwa ya ngamia.

"Inaimba? Inapiga kelele!" alifoka Gitau. "Funguo zisizo na kufuli ni kama kitana kwa mwenye upara."

Wahu alikitazama kichwa cha mumewe, kilichong'aa kama sufuria mpya. "Kitana pia nimekuwekea, Baba Martin. Huenda nywele zikaota."

Jumamosi moja, mkubwa wa Gitau kazini alialikwa kwao chakula cha mchana. Gitau aliona haya. Ofisi nzima ingemwita mwokota takataka. Wahu alipokuwa akikaanga nyama ya mbuzi, Gitau aling'oa pazia, akanyata nalo hadi stoo ya mabati uani. Mlango wa stoo ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe ukibamizwa, na ufunguo wake haukujulikana ulikokuwa, kwa hiyo ulizuiwa kwa jiwe. Ili mkewe asimwone, Gitau aliingia ndani, akalipiga jiwe teke bila kufikiri. Upepo ukamalizia kazi. Pwaa!

Ndani mlikuwa na giza la kaburi na joto la tanuri. Gitau alipiga mlango ngumi, akapiga na mayowe.

"Mama Martin, kuja! Stoo yako iko na jini!" alipaza sauti Saynab, aliyekuwa ameleta maziwa.

"Si jini, ni mimi!"

"Subhanallah, jini inajua Kiswahili!"

Wahu alifika mbio, akausukuma mlango. Wapi! "Baba Martin, unatafuta nini humo?"

Gitau alikohoa vumbi.

"Na pazia langu liko wapi?"

"Ninalo hapa," sauti ilinong'ona.

"Basi zijaribu hizo kelele zako, moja moja."

Honi ya mkubwa ililia langoni. Gitau alipapasa gizani. Ufunguo wa kwanza haukuingia. Mwingine uliingia, ukagoma. Pumzi zilimpaa, akaanza kutubu dhambi hata ambazo hakuwa amezitenda. Hatimaye ufunguo mmoja mkongwe, wenye shanga nyekundu, ulikwaruza, ukasita, ukazunguka. Kla!

Gitau alitoka ameloa jasho kama kifaranga aliyenyeshewa. Alivuta hewa ya Garissa, yenye vumbi na moto, akaiona tamu kuliko asali. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, na Wahu naye akacheka.

Mkubwa alimkuta juu ya kiti, akilirudisha pazia mlangoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Pazia zuri hili. Naweza kuuziwa?"

"Haliuzwi!" alijibu Gitau upesi, akiushika ule ufunguo wa shanga nyekundu. Ulikuwa umeliwa na kutu kuanzia shingoni hadi menoni. Chuma huota kutu, lakini akiba haiozi.