Perere Alivyowafungia Wageni Mlango wa Bahari

Hapo zamani za kale, kale hasa, si hii ya juzi mnayoiita kale nyinyi, palikuwa na kisiwa kidogo karibu na bara, na kisiwani humo akikaa Perere peke yake.

Perere mnamjua? Mnyama mdogo wa mitini, manyoya tele, mkia hana, kelele zake kubwa kuliko mwili. Ndugu zake walihamia bara mmoja mmoja. Yeye akawaambia, "Nendeni! Mtarudi wenyewe." Hawakurudi. Akabaki na jiko lake na mkeka mkubwa usiokaliwa na mtu.

Kati ya kisiwa na bara palikuwa na fungu la mchanga. Siku za maji ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mbali, fungu likatoka, mtu akavuka kwa miguu. Maji ya bamvua yakipita, fungu huzama, usilione mpaka bamvua nyingine. Mtoto wa pwani anajua hilo kabla hajaota meno. Wa bara hajui. Yeye anadhani bahari ni mto: jana ulivukika, kesho utavukika.

Basi wa bara wakawa wanakuja kutembea. Perere akiwapeleka kuogelea na kasa, kuruka kutoka jabalini, kushuka pangoni. Wanacheka, wanakula, wanasema, "Perere, wewe ndugu yetu!" Maji yakianza kujaa, haooo! Wamekwenda. Ndugu yao anabaki anaosha vyungu.

Siku moja wakaja wawili. Mmoja Nyati, bonge la bwana, kofia ya ukindu imekaa juu ya pembe. Mwingine Bi Punda Milia, aliyemwacha kwa shangazi mwanawe anayenyonya. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho fungu kuvukika kwa bamvua hiyo. Perere alijua. Akanyamaza.

"Karibuni, karibuni! Bwana Nyati, jabali lile utaliweza?"

"Mimi? Mimi nimepigana na simba!"

"Simba ana meno tu, bwana. Bahari ina kina."

Nyati akapanda, akafumba macho, akajitupa. Chubwiii! Kasa wakatawanyika. Wimbi likamfuata Bi Punda Milia pwani, likamlowesha mpaka masikioni.

"Lo! Nyati we, umeihamisha bahari!"

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Perere naye akacheka, jicho moja kwenye maji.

"Jua limepinda," akasema Bi Punda Milia. "Twende zetu."

"Na pango je? Mkiulizwa huko kwenu pango likoje, mtasema nini?"

"Mwanangu anataka kunyonya, Perere."

"Mara moja tu, Bi Punda. Au Bwana Nyati anaogopa giza?"

"Nani anaogopa?" Nyati huyo, ametangulia.

Wakashuka kwa kushika mizizi. Nyati aliteremka kwa makalio, burrrr! Mawe yakamfuata. Chini kulikuwa na dimbwi la maji baridi, na bahari haisikiki. Perere akawagongea jiwe linalolia kama kengele, ngo! ngo! Akawaonyesha popo. Akawapa kisa, na kisa juu ya kisa. Walipotoka, jua lilikuwa linazama, na fungu lilikwishatangulia kuzama.

"Njia iko wapi?" akauliza Bi Punda Milia.

"Imelala. Kesho itaamka."

Jioni ile wakala mihogo ya nazi juu ya mkeka, Nyati akaimba vibaya, na Perere akalala akisikia mtu mwingine anakoroma nyumbani kwake. Alilala kama sultani.

Kesho yake fungu likatoa mgongo kidogo, likazama. Siku iliyofuata, hata huo mgongo haukuonekana.

"Perere, nitazame," akasema Bi Punda Milia. "Njia itatoka lini?"

"Kesho."

"Nimesema nitazame."

Perere akatazama miguu yake. "Mwezi ukiandama."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Nyati akapiga kwato, di! di! "Nitakukanyaga, kijitu wewe!"

"Nikanyage. Halafu njia utamuuliza nani?"

Nyati akaushusha mguu. Hila ilikuwa imefaulu: nyumba imejaa, wageni hawaendi popote. Mnadhani Perere alifurahi?

Nyati alilala kutwa, uso kauelekeza bara. Bi Punda Milia alisimama ufukweni, maziwa yakimdondoka mchangani, to, to, to.

"Twendeni tukaogelee na kasa?" Kimya.

"Kuna jabali jingine, refu kuliko lile." Kimya.

"Basi nimepika."

Hapo walikuja, maana njaa haina ugomvi. Wakala wima, wakarudi ufukweni. Mkekani hapakukaa mtu. Perere akagundua kwamba nyumba isiyo na watu ni kimya, lakini nyumba ya watu wasiosema nawe ni kimya zaidi.

Mwezi ukaandama. Maji yakapwa, fungu likatoka, jeupe. Nyati akatimka hata kofia akaisahau. Bi Punda Milia alikwishatia miguu mchangani Perere alipomwita.

"Bi Punda! Ningewaomba mkae, mngekaa?"

Bi Punda Milia akafikiri. Hakuwa mwongo.

"Tusingekaa," akasema. "Lakini tungerudi."

Akaenda zake.

Alipofika kwao, mwanawe alimnusa kama mgeni, akakimbilia kwa shangazi. Habari hiyo ikaenea bara zima. Tangu siku hiyo fungu linatoka, fungu linazama, na unyayo juu yake hakuna.

Ndiyo maana jioni Perere hupanda mtini akapiga kelele, kre! kre! kreeee! Kisha hukatiza ghafla. Wapo wasemao anaita mvua. Mvua gani? Ananyamaza asikie kama kuna atakayeitika.

Kofia ya Nyati anayo mpaka leo, na hadithi yangu inakomea kwenye ukindu wake. Shikeni hili:

Mgeni hurudi kwenye nyumba aliyoonyeshwa mlango wa kutokea.