Aliyeshika Kamba

Mtu mmoja alikuwa na kisima, na jirani yake hakuwa nacho. Mwenye kisima aliitwa Mughenyi, jirani aliitwa Ntandu. Nchi yao ilikuwa ya mawe na miiba, ambako mtu hunawa uso kwa maji ya kiganja kimoja. Mughenyi alichimba mahali pamoja tu akapata maji matamu, wala hakukifunga kisima chake. Aliyekuja na ndoo aliondoka na maji. Ntandu alichimba mara tatu kiwanjani kwake. Mara ya kwanza alikuta mwamba, mara ya pili vumbi, mara ya tatu maji ya chumvi ambayo hata mbuzi waliyakataa. Basi akawa anakunywa maji ya jirani yake kila siku, na kila siku yalimkaa kooni.

Siku moja kijiji kizima kilikuwa kwenye maziko. Jua lilikuwa utosini. Ntandu aliondoka msibani kama mtu anayekwenda kujisaidia, akashuka korongoni, akaburuta mzoga wa mbwa uliokuwa umekwisha kuoza, akautumbukiza kisimani kwa Mughenyi. Akajisugua mikono kwa mchanga. Kisha akarudi makaburini, akapokea koleo kwa mwenzake, akafukia kaburi kama wengine.

Alidhani atapata raha. Hakuipata hata kwa muda wa kutoka makaburini hadi nyumbani.

Kesho yake wanawake walivuta ndoo zikaja na manyoya. Waliokuwa wamekunywa walikwisha kunywa. Watu kumi na mmoja waliugua matumbo, na mmoja wao alikuwa Yunisi, mke wa Ntandu, ambaye alilala kitandani wiki mbili akiwa hawezi kushika kikombe. Hakufa mtu. Lakini kisima kilifunikwa kwa magogo, na wanawake wakarudi kufuata maji bwawani, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

Hapo ndipo Ntandu alipokuwa mtu wa kuhangaika. Aliamka kabla ya wengine, akapanga madumu kwenye baiskeli, akawachotea wajane. Walimshukuru, naye kila shukrani ilimchoma. Aliiba nafasi mchana akamwaga majivu kisimani kupitia kati ya magogo, akamwaga chokaa, akamwaga shabu ya kusafishia maji aliyoinunua mjini, uvundo ukazidi. Alimpelekea Mughenyi fahali wake mmoja, akisema ni pole tu ya ujirani. Mughenyi alimshukuru, akamrudishia fahali wake. Kanisani Ntandu aliimba kwa sauti kubwa kuliko zamani, na mikono aliinawa mpaka ngozi ikapasuka.

“Baba Naomi,” mkewe alimwambia, “tangu niugue hujakaa kwenye kiti ukamaliza chakula. Unatafutwa na nani?”

“Na kazi,” alijibu, akainuka.

Kisha Mughenyi akawaita majirani wote uwanjani kwake. Aliwaambia kwamba nchi ile haitadumu, kwamba mvua zinakwenda zikipungua. Baba yake alikuwa na shamba kubwa ng’ambo ya milima, lenye chemchemi zisizokauka, na nafasi ilikuwa ya kutosha. Yeye atatangulia kwenda kuwapimia viwanja, halafu atarudi kuwachukua. Siku hakuitaja. “Ila mpaka siku hiyo lazima mnywe,” alisema. “Kesho nitashuka kukisafisha kisima.” Akawataja mmoja mmoja wale watakaokwenda naye ng’ambo, na jina la Ntandu lilikuwamo.

Watu walipiga vigelegele. Ntandu alitazama chini. Atakaaje kwenye shamba la mzee yule? Atainama vipi kunywa chemchemi ya baba, naye ndiye aliyechafua kisima cha mwana? Aliona afadhali mvua zikatike zote, abaki na mawe yake, kuliko kufika kule na kila asubuhi kukutana na uso wa Mughenyi. Hata hivyo alitamani kwenda. Alitamani mpaka kifua kikamuuma. Huo ndio uliokuwa mwiba wenyewe: kukitamani kitu usichothubutu kukigusa.

Asubuhi watu walikusanyika kisimani. Waliondoa magogo, na harufu ikawarudisha nyuma. Kila mtu alijua kwamba shimo la namna ile huwa na hewa mbaya inayoua. Mughenyi alivua shati, akajifunga kamba kiunoni, akatazama wanaume waliosimama pale. “Ntandu,” alisema, “shika wewe mbele. Wengine watakufuata.”

Ntandu alishika. Mitetemo ya mtu aliyekuwa chini ilimpanda mikononi. Ndoo ya kwanza ilipanda na tope jeusi, ya pili na mifupa. Watu waligeuza nyuso wakamlaani aliyefanya unyama ule, yeyote aliye, na Ntandu akaitikia pamoja nao. Ndoo ya kumi na tatu haikupanda. Kamba ilikuwa imelegea, kisha ikawa nzito. Waliita, shimo likakaa kimya.

Walivuta. Ntandu alivuta mpaka kamba ikala nyama ya viganja vyake. Walimtoa Mughenyi akiwa mweusi wa tope toka unyweleni hadi kisiginoni, macho yamegeuka, wakamlaza chini. Mke wake alianza kulia kilio cha msiba. Ntandu aliiachia kamba. Alipiga magoti pale kwenye tope lililotoka shimoni, akaona waziwazi, bila chokaa wala majivu, kitu alichokifanya.

Baada ya muda mrefu Mughenyi alikohoa. Alitapika, akakaa, akaomba apumzike mpaka kesho. Kesho yake akashuka tena. Siku ya tatu alisugua kuta, akamwaga kokoto mpya, na maji yakaanza kujaa taratibu, meupe, halafu angavu. Kifua chake hakikuwa kama zamani. Kikohozi kile kilikaa naye.

Siku ya kunywa, Mughenyi alichota kata ya kwanza mwenyewe. Wote walidhani atampa mzee wa kanisa. Alimpa Ntandu.

Ntandu aliipokea kwa mikono yenye makovu ya kamba. Alijaribu kuipandisha kata mdomoni, haikufika. Akaishusha.

“Ni mimi,” alisema. “Aliyemtia yule mbwa ni mimi.”

Yunisi, aliyekuwa amekonda bado, aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Mtu mmoja nyuma aliokota jiwe. Mughenyi alinyoosha mkono bila kugeuka, na jiwe likaanguka chini.

“Nilikuona kwa mbali siku ile ukitoka kisimani, nilikuwa nimetangulia kutoka makaburini, ila sikuelewa mpaka ndoo zilipokuja na manyoya,” alisema Mughenyi. “Nilijua kabla sijashuka, ndugu yangu, na nilishuka. Kunywa.”

Ntandu alikunywa. Alikunywa huku analia, kamasi na maji pamoja, kata nzima. Kisha akamgeukia Yunisi, akamwomba radhi mbele ya watu, akamchotea yeye.

Mvua haikuja mwaka ule. Mughenyi alitangulia kwenda kwa baba yake kama alivyosema, na siku ya kurudi hakuitaja hata alipoagana nao. Tangu hapo Ntandu hatulii, wala msidhani alitulia. Anapalilia mtama huku anatazama barabara ya milimani. Anafagia pembeni mwa kisima, anawachotea wajane kama zamani, ila wakimshukuru anacheka. Mizigo yake ameifunga. Gari lolote likitimua vumbi kwa mbali, yeye ndiye wa kwanza kusimama, na Yunisi humwambia, “Kaa ule kwanza, Baba Naomi,” naye hula akiwa amesimama.

Wapo wanaohangaika kwa sababu wanaogopa kuonekana, na wapo wanaohangaika kwa sababu wanangoja kuchukuliwa. Ndugu yangu, yule aliyeshuka shimoni hali akijua ni wewe uliyelichafua amekunyooshea kata. Mbona bado unanawa kwa mchanga?